Amma Mara Kumi na Nne

Mwinjuma ni dereva wa basi hapa Birmingham, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwa miaka yote hiyo ameandika katika daftari idadi ya abiria wanaomwambia asante wanaposhuka. Hakuna aliyemtuma. Kampuni haitaki kujua, na binti yake Maisara, kila akiyaona madaftari yale yalivyorundikwa juu ya kabati nyumbani kwao Shard End, husema siku moja yatamwangukia mtu. Lakini ukimwuliza Mwinjuma atakueleza kuwa watu wa Northfield hushukuru kuliko wa katikati ya mji, kwamba mvua hupunguza shukrani kwa theluthi, na kwamba tangu watu waanze kuziba masikio kwa vile vidude vyeupe, idadi imeporomoka hata hana hamu ya kuijumlisha. Hapo ndipo ninapompendea. Katika mji mzima huu nimempata mtu mmoja anayeweka kumbukumbu ya kitu kinachokufa.

Tabia hiyo ya kuhesabu aliirithi kwa mama yake, Bi Mwanasiti, aliyesomesha chuo cha Kurani Pangani kwa zaidi ya miaka arobaini. Nimehadithiwa habari zake mara nyingi hata najiona kama niliketi mkekani pake. Alikuwa akisuka ukili huku watoto ishirini wakisoma kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, sauti juu ya sauti, na mtoto akiruka aya moja tu yeye alimjua. Hakupiga. Alimwambia arudi mwanzo wa sura. Mwinjuma anasema kuna mtoto mmoja aliyerudishwa mwanzo wa Al-Baqara, sura ndefu kuliko zote, mara sita, akaenda kuwa askari, akasema jeshini ni pepesi.

Bi Mwanasiti alifariki mwezi wa nne, Mwinjuma akiwa na siku kumi na mbili tangu abadilishwe goti. Daktari alimkataza kupanda ndege, damu isije ikaganda mguuni. Basi alimzika mama yake kwa simu. Mdogo wake alisimama makaburini ameinua simu juu, na Mwinjuma akakaa kitini Shard End mguu umenyooshwa juu ya mto, akatazama. Mtandao ulikatika watu walipoanza kufukia, picha ikasimama kwenye kofia ya mtu asiyemjua. Aliitazama kofia ile robo saa, akidhani labda itasogea.

Ndiyo maana akashikilia hitima ya arobaini ifanywe hapa Birmingham, na itimie. Neno hilo alilirudia kwa kila aliyekwenda kumpa pole. Kwa asiyejua: hitima ni kuisoma Kurani nzima, juzuu thelathini, watu wakigawana, kisha inaombwa dua kwa ajili ya marehemu. Ikisomwa ishirini na tisa, haijatimia. Kwa Mwinjuma, ambaye hakushika jeneza wala hakutia mchanga, hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo mwana angeweza kumfanyia mama yake.

Zamani jambo hili halikuhitaji akili nyingi. Msikitini kwetu kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake vijitabu thelathini, juzuu moja kila kijitabu. Sanduku lilipitishwa, ukachota chako, ukakaa chini ukasoma. Ukichukua Amma, ile ya thelathini, Amma haimo tena sandukuni. Anayekuja nyuma yako atachukua kilichopo, hata kama ni juzuu ngumu yenye hukumu za mirathi, na hatalalamika kwa sababu sanduku halina pa kupelekewa malalamiko. Mwishoni vijitabu vilirudishwa, vikahesabiwa, vikiwa thelathini dua ikaanza. Kitu kimoja hakiwezi kuwa mikononi mwa watu wawili. Nimeishi miaka sabini na sita na bado sijaona uvumbuzi ulioupita huo.

Hapa Birmingham, miaka ya mwanzo, Mwinjuma alikuwa ndiye sanduku. Alikaa na daftari, akapiga simu thelathini, akauliza hali, akauliza watoto, ndipo akagawa juzuu. Ilimchukua siku mbili, na katika siku mbili hizo alijua nani mgonjwa, nani kagombana na nani, na nani kahama bila kuaga. Sasa watu hawapokei simu. Ukiwapigia wanakuandikia kukuuliza kwa nini umepiga. Ukiwaandikia wanakujibu kwa picha ya kidole gumba, na hakuna ajuaye gumba lile ni juzuu ya ngapi.

Kwa hiyo Maisara akamshauri baba yake watengeneze ukurasa katika tovuti ya jumuiya. Maisara alizaliwa hapa. Anaelewa Kiswahili chote, hata cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza, na maneno yake humu nimeyageuza mimi. Tovuti yenyewe ilikuwa imepangishwa kwenye kampuni moja ya wale wanaokufanyia kila kitu. Wewe unalala, wao wanakesha: wanalinda, wanasafisha, wanaharakisha. Mwinjuma alikaa na binti yake Jumapili nzima, mguu juu ya mto, wakachora visanduku thelathini. Unafungua ukurasa, unagusa kisanduku kilichoandikwa WAZI, unaweka jina, kinageuka kijani na jina lako linaonekana. Walijaribu. Mwinjuma akajiwekea juzuu ya pili, Maisara akachukua ya tatu, na dada mmoja wa Perry Barr akawahi ya nne. Vyote vitatu vikawa kijani. Mwinjuma alifurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Jumatatu asubuhi akawatumia watu wote.

Sifa zikamiminika. Kila mtu alisema ukurasa unafunguka upesi ajabu, hata kabla ya kidole kuinuka. Ningekuwa mimi, ningeshtuka hapo hapo. Kitu cha jumuiya kikifanya kazi upesi, lazima kuna kazi ambayo hakifanyi.

Jumanne Haidari akampigia Mwinjuma. Haidari ni dereva wa teksi, mtu wa Unguja, mwepesi wa ulimi na mwepesi wa kununa. Alisema amechukua Juzuu Amma jana yake, ameandika jina lake vizuri, na sasa akitazama kisanduku bado kinasema WAZI. Mwinjuma akafungua ukurasa kwenye kompyuta yake, akaona Amma iko kijani, imeandikwa jina la Bi Zainab wa Northfield. Akamwambia Haidari kuwa Amma ni ya Zainab. Haidari akasema Zainab amemwibia. Mwinjuma akampigia Zainab, na Zainab, ambaye ndiye mpishi mkuu wa shughuli zetu zote na hajawahi kushindwa na mwanamume kwa maneno, akasema yeye alikuta pako wazi peupe, na kama Haidari anataka Amma aende akaisome, Kurani haina kodi ya pango. Mpaka jioni ile jina lilikuwa limebadilika tena. Amma ilikuwa ya mtu wa tatu.

Mwinjuma akaandikia kampuni. Akajibiwa na mtu mpole sana, aliyemwita kwa jina lake la kwanza katika kila sentensi, kwamba wameitazama tovuti na iko katika afya njema na kasi nzuri, na kama kuna wageni wanaoona mambo ya zamani, tatizo liko katika simu zao. Wafute kumbukumbu za simu. Mwinjuma, mtu wa kutii maelekezo, akawatumia wote ujumbe: futeni kumbukumbu za simu zenu. Alikusudia kumbukumbu za kupitia mitandao. Haidari akafuta picha. Zilikuwa elfu mbili na kitu, nyingi zikiwa za gari lake kutoka pande mbalimbali, lakini alivyozililia ungedhani ameunguliwa na nyumba. Baada ya kuzifuta akafungua ukurasa. Amma ilikuwa WAZI. Akaandika jina lake tena.

Ijumaa Mwinjuma aliuhesabu ukurasa wake kisanduku kwa kisanduku. Juzuu kumi na saba zilikuwa kijani. Kumi na tatu hazikuwa na mtu. Arobaini ilikuwa Jumapili. Akawaandikia watu kwa unyenyekevu kuwa zimebaki kumi na tatu, tafadhali wachukue. Watu wakafungua, kila mmoja kwenye simu yake, na wote wakaona jambo lile lile: vya kijani vitatu tu, ya pili, ya tatu na ya nne, na ishirini na saba wazi. Kila mmoja akaona jina lake halipo. Kila mmoja akajisemea kuwa mtambo umempoteza, akaliandika jina lake upya pale pale alipokuwa. Kwenye kompyuta ya Mwinjuma majina yakawa yanabadilishana kama watu kwenye mlango wa kuzunguka, na zile kumi na tatu zikabaki vile vile.

Angeweza kusema. Angeweza kupiga simu thelathini kama zamani, au kunijia mimi, ninakaa vituo vitatu tu kutoka kwake. Lakini alikwisha kujisifu kwa ukurasa ule, na zaidi ya hayo aliona aibu. Alidhani watu wameukwepa msiba wake. Akaamua kuzisoma zote kumi na tatu peke yake. Ni msomaji mzuri, kwa malezi yale angekuwaje mwingine, lakini juzuu moja inamchukua saa nzima, na tangu mama yake afariki hakuwa akilala sawasawa, herufi zikawa zinamcheza. Maisara anasema alimkuta Jumamosi mchana amesimama jikoni kwa mguu mmoja, msahafu mkononi, akisoma hivyo ili asisinzie. Hadi Jumapili asubuhi alikuwa amemaliza nne. Zilibaki tisa.

Ukumbi wetu uko Perry Barr, si mbali na stesheni, na mtunzaji wake ni Manjit, Singasinga wa Kisumu anayesema Kiswahili kuliko vijana wetu. Tulikuwa tumeukodi mpaka saa tisa, na Manjit alitukumbusha mlangoni, kila aliyeingia kwa zamu yake, kuwa baada yetu kuna sherehe ya mtoto ya kuzaliwa, na jumba la mpira la kurukia linakuja na lori. Tukasali adhuhuri. Pilau ya Zainab ilikuwa imewasili na masufuria yamefunikwa kwa mataulo kando ya ukuta, harufu yake ikipita katikati ya safu bila haya. Saa nane kasorobo maalim aliyealikwa kuongoza dua akakaa mbele, akanyoosha kanzu, akamgeukia Mwinjuma na kumwuliza lile swali la kawaida, linaloulizwa kila hitima na kujibiwa bila kufikiri: imetimia?

Mwinjuma alikuwa kitini kwa sababu ya goti. Sisi wengine tulikuwa chini. Alitoa simu yake, akaufungua ukurasa kwa neno la siri, akahesabu visanduku tena.

"Bado, maalim," akasema. "Zimebaki tisa."

Ukumbi ukaguna. Kisha wote wakasema kwa pamoja, na wote walikuwa wakisema kitu kimoja: mimi nimesoma yangu. Mwinjuma akasema hamlaumu mtu, ila hesabu ni hesabu. Haidari akasimama akasema hesabu hiyo ni ya uongo, kwa sababu yeye amesoma Amma mara mbili kwa hofu ya kupotezwa jina. Mwanamume mwingine akageuka polepole, akasema, samahani, Amma nimesoma mimi. Nyuma ya pazia la wanawake ikasikika sauti ya Zainab ikisema na yeye.

Maalim, ambaye alikuwa na busara ya kuuliza swali moja kwa wakati, akaomba walioisoma Juzuu Amma wainue mikono. Ikainuka. Kumi na nne, ukihesabu na iliyochungulia juu ya pazia. Ni juzuu ya sura fupi, sote tuliihifadhi utotoni, na mtu akikuta imeachwa wazi huona amebahatika. Mkono wa kumi na nne ulichelewa kidogo kuinuka, na sitasema ulikuwa wa nani. Akauliza Tabaraka, inayoitangulia Amma. Mikono tisa. Yenye Yasini, saba. Ya kwanza kabisa, tatu. Kufikia hapo vicheko vilikuwa vimeanza pembeni, vile vya kuzuia vinavyotoka puani, na hata maalim alikuwa akijishughulisha mno na kilemba chake.

Maisara ndiye aliyefumbua. Wiki nzima alikuwa akitumia kompyuta ya baba yake, ambamo wanaingia kwa neno la siri. Sasa kwa mara ya kwanza akaufungua ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, kama mtu baki. Akaja mbele, akaiweka simu yake kando ya simu ya baba yake, juu ya goti lile zima. Moja ilikuwa na visanduku ishirini na moja vya kijani. Nyingine ilikuwa na vitatu. Ukurasa mmoja, tovuti moja, saa ile ile.

Akatueleza, na ninamshukuru kwa kuwa alieleza kwa watu na si kwa mashine. Mtu akiomba ukurasa, mtambo wa kampuni hulazimika kuuandaa upya kila mara, na hilo huchukua muda. Ili mambo yaende kasi, kampuni huuandaa mara moja, huweka nakala, na kila anayekuja hupewa nakala ile. Kwa ukurasa wa habari za jumuiya, usiobadilika mwezi mzima, hakuna neno. Lakini wa kwetu ulikuwa unabadilika kila mtu anapougusa, na mtambo haukuambiwa hivyo. Nakala ilichukuliwa Jumatatu asubuhi, ikawekewa siku saba. Mwenye neno la siri peke yake ndiye aliyekuwa akipewa ukurasa wenyewe. Baba yake aliona kweli wiki nzima, na kila mtu mwingine aliona Jumatatu.

"Kwa hiyo tumekuwa tukisoma gazeti la juzi," Zainab akasema nyuma ya pazia, "na ninyi mnatugombeza kwa habari za leo."

Hapo sasa watu wakacheka waziwazi, na Mwinjuma akacheka nao, lakini mimi nilikuwa karibu na kiti chake na niliona mkono wake ulivyokuwa ukiupapasa mto wa kiti. Maana kucheka hakukusoma hata juzuu moja. Zilikuwa bado tisa.

Maalim akasema kwa upole kuwa nia ya watu imeonekana, na Mungu ni mpokeaji. Angeweza kuomba dua sasa, na zile tisa watu wakazimalizie majumbani. Wengi wakaitikia, tena upesi, macho yakielekea kwenye mataulo. Haidari akaja na hoja ya kisheria. Alikuwa amejumlisha kwa vidole. Juzuu zilizosomwa ni arobaini na sita, bila kutia nne za Mwinjuma za ziada, na hitima ni thelathini. "Tumezidisha, bwana. Hii ni hitima na nusu."

"Haidari," Mwinjuma akasema, "nikikuletea viatu arobaini na sita, vyote vya mguu wa kushoto, utavaa?"

Haidari akakaa. Mwinjuma akamgeukia maalim, na sauti yake ilikuwa ya chini lakini sote tuliisikia. "Sikumwosha, sikumbeba, sikumfukia. Nilitazama kofia ya mtu. Niruhusu hii moja isiwe ya kukatika katikati."

Maalim akafunga macho kidogo, kisha akauliza ni saa ngapi, na robo ngapi ziko katika juzuu tisa.

Mwinjuma alikwisha kujua. Juzuu moja ina robo nane, nne katika kila nusu. Tisa zina sabini na mbili. Katika ukumbi, ukiwaondoa watoto na akina mama waliokuwa na vichanga, wasomaji walikuwa thelathini na sita. Robo mbili kwa kila mtu. Akaomba kalamu. Akainuka na mguu wake ule, akaenda kwenye meza ya sahani, akazisukuma sahani pembeni, na juu ya karatasi nyeupe iliyotandikwa mezani akaandika robo zote sabini na mbili kwa safu, kutoka kumbukumbu, kila moja na neno linaloanzia. Hakutazama kitabu. Nilisimama nyuma yake nikaona mtu akirudi kwenye kazi yake.

Tukapita mmoja mmoja. Ukichagua, unakata kwa kalamu mbele ya macho ya aliye nyuma yako, na kalamu ilikuwa moja. Hakuna aliyepata Amma. Haidari alijikuta na kipande kirefu katikati ya juzuu ya nane, akakitazama kama mtu aliyeletewa chakula cha meza nyingine, lakini alikwenda nacho. Misahafu ya ukumbini ilikuwa kumi na mmoja tu. Wengine walisoma kwenye simu, nami nikiwamo, herufi zikikimbia kila ninapogusa kioo, na hilo sitalisamehe upesi. Saa nane na dakika ishirini sauti zikaanza, thelathini na sita kwa pamoja, kila mtu mahali pake. Yapata miaka thelathini sijasikia sauti hiyo. Watoto waliozoea kutuona tumeinamia simu kimya walikuja kusimama katikati ya chumba, wakatutazama mmoja mmoja, mdomo wazi.

Baada ya nusu saa wengi walikuwa wamemaliza na kwenda kuweka alama mezani. Saa tisa kasoro dakika tano ilikuwa imebaki robo moja tu. Ilikuwa ya Ishaka.

Ishaka ni mtu wa Kasongo, Kongo, anafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani, na alianza kusoma Kurani akiwa na miaka hamsini na mbili, kwa sababu vita vilimnyima utoto wa kusomea. Katika ukurasa wa tovuti yeye alichukua juzuu ya kumi na nne, ambayo hakuna mwingine aliyeitamani, na aliimaliza kwa siku sita, baada ya kazi. Sasa alikuwa kwenye robo yake ya pili, kidole chini ya kila neno, midomo ikitangulia sauti. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Alihisi, akainua kichwa.

"Munisamehe," akasema. "Mie naenda pole."

"Nenda hivyo hivyo," Mwinjuma akamjibu.

Manjit akafungua mlango, nyuma yake kukiwa na maputo. Akasema saa tisa ni saa tisa, wazee. Aliangalia chumba kizima cha watu waliovaa kanzu wakimtazama mtu mmoja aliyeinama, akasikiliza kidogo, kisha akaurudisha mlango kwa mikono miwili usigonge. Kupitia dirishani nilimwona akizungumza na baba wa mtoto mwenye sherehe, akionesha angani, akionesha lori, akivuta muda kwa kila alichokiona. Ndani, Haidari akaanza kumtangulizia Ishaka maneno kwa kunong'ona, ili amalize. Mwinjuma akaweka mkono begani pa Haidari, mzito, akauacha hapo hapo mpaka mwisho.

Mwisho ulikuja saa tisa na dakika kumi na mbili. Ishaka akafunga msahafu, akaubusu, akaenda mezani akaweka alama yake ya sabini na mbili, kubwa kuliko zote. Dua ikaombwa tumesimama, kwa sababu Manjit alikwisha kuingia kukunja mikeka. Jina la Bi Mwanasiti likatajwa, na Mwinjuma akaitikia amini kwa sauti iliyopasuka, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Pilau tukaila nje. Watu hamsini na kitu katika nguo za shughuli, wamejipanga kando ya ukuta mfupi wa maegesho, sahani za karatasi mikononi, huku jumba la mpira likifura nyuma yetu kwa kishindo. Zainab aliwapakulia na wale wa sherehe, maana walikuwa wamesubiri, na mtoto mwenye siku yake alikula sahani mbili akiwa na taji kichwani. Haidari alimpiga picha, akasema lazima aanze upya mahali fulani. Maisara alikuwa ameegemea gari, akiandikia kampuni kwamba ukurasa ule usiwekewe nakala tena kamwe. Nilimwambia asisumbuke, karatasi ya mezani inatosha. Akaniambia, kwa Kiingereza, kuwa karatasi ya mezani haifiki Northfield. Hilo nalo liliniudhi.

Nilipogeuka kumtafuta Mwinjuma anitetee, nilimwona amekaa mwisho wa ukuta, mguu umenyooshwa, sahani mapajani haijaguswa. Alikuwa amelala. Amelala kabisa, kichwa kifuani, katikati ya kelele za watoto na pampu na mabasi yanayoingia stesheni, na anakoroma. Tulisimama tukatazamana. Ishaka akamwondolea sahani kwa uangalifu isimwagike, akakaa kando yake upande ule anaoinamia, asije akaanguka.